Kitenzi "run" bila kubabaika: mwongozo kamili kwa watafsiri, walimu na wanafunzi wa Kanda ya Ziwa

Makosa ni yale yale, mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi anaandika "my brother ran the school" akitaka kusema kaka yake alitoroka shule. Msahihishaji anasoma kwamba kaka huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa shule. Tangazo la kivuko lililoandikwa Kiingereza linageuzwa kuwa "kivuko kinakimbia kila saa". Onyo la mtengenezaji wa injini ya boti linatafsiriwa "usikimbize injini nje ya maji", na mvuvi anaiwasha nchi kavu kwa mwendo wa chini akiamini hajavunja sharti lolote.

Wote watatu wamejikwaa kwenye "run". Kamusi kubwa ya Oxford inakipa kitenzi hiki maana zaidi ya 600, kwa hiyo kukariri orodha ni kujichosha bure. Kinachosaidia ni kujua maswali ya kuuliza kila unapokutana nacho. Hatua ziko saba. Ya tatu na ya nne ndizo zenye uzito. Hizo zifanye polepole.

## Vifaa

- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, yenye sentensi za mifano. Ile ndogo ya mfukoni isiyo na mifano haifai, kwa sababu inakupa visawe bila kukuonyesha vinakaa wapi.
- Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Ile ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoka mwaka 1996 ingali inafaa sana kwa kazi hii.
- Daftari moja la mistari, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu.
- Sentensi 20 halisi zenye "run". Usizitunge mwenyewe, maana utatunga zile unazozijua tu. Zitafute kwenye ratiba za meli, kijitabu cha injini, lebo za nguo, magazeti ya Kiingereza na mitihani ya miaka iliyopita.
- Mtu wa pili anayezijua lugha zote mbili. Utamhitaji hatua ya mwisho tu.

Tenga jioni mbili: ya kwanza kwa hatua ya 1 hadi ya 4, ya pili kwa zilizobaki.

## Hatua ya 1: Nakili sentensi nzima

Andika kila sentensi kwa ukamilifu wake, moja kwa kila nusu ukurasa, na "run" uipigie mstari mwekundu. Usiandike neno peke yake pembeni na maana yake mbele. Ukifanya hivyo utaandika "kukimbia", na likishaandikwa hapo ni vigumu kulitoa kichwani.

Kama sentensi ni fupi mno, nakili na ile iliyotangulia. "It ran for three hours" haina maana yoyote mpaka ujue "it" ni mbwa, jenereta au mkutano.

Umefanikiwa iwapo mtu asiyejua ulikoitoa sentensi anaweza kuisoma na kukuambia inahusu nini.

## Hatua ya 2: Uliza nani au nini kina-"run"

Tafuta kiima, kiwekee duara la bluu, kisha ukipange katika kundi lake.

Wenye miguu, yaani watu na wanyama, hawana shida: ni kukimbia. Ni hili kundi moja tu linalofuata maana ambayo kila mtu aliifundishwa darasani.

Vimiminika vinatiririka, vinaingia, vinatoka. "The Simiyu runs into Lake Victoria" ni "Mto Simiyu unaingia Ziwa Victoria". "My nose is running" ni "natokwa na kamasi". Kwenye lebo ya nguo, "the colours may run" ni "huenda rangi zikachuja". Nyumba yenye "running water" ni nyumba yenye maji ya bomba, lakini "wash the wound under running water" ni maji yanayotiririka, yaani usitumbukize kidonda kwenye beseni. Tofauti hiyo ni ya kiafya, na inastahili sekunde zako chache za kufikiri.

Vyombo vya usafiri vinafanya safari. "The ferry runs every hour between Mwanza and Kamanga" ni "kivuko kinafanya safari kila saa kati ya Mwanza na Kamanga". Kusema kinakimbia ni kusifu kasi yake, jambo ambalo tangazo halikusema. "The ferry is running late" ni "kivuko kimechelewa".

Mashine zinawaka au zinafanya kazi. Injini inawaka, friji inafanya kazi. "It runs on diesel" ni "inatumia dizeli".

Vitu virefu vilivyotulia ndivyo vinavyowashangaza wengi, kwa kuwa hapa hakuna kinachotembea. "The road runs from Mwanza through Magu to Musoma" ni "barabara inatoka Mwanza kupitia Magu hadi Musoma". Na kama uzio au njia "runs along the shore", Kiswahili kina neno zuri linalosahaulika: inaambaa na ufuo.

Muda unaendelea au unadumu. "The contract runs until June" ni "mkataba unaendelea hadi Juni".

Onyo: kiima kikiwa "it" au "they", usikisie. Rudi hatua ya 1 ukatafute kinawakilisha nini.

## Hatua ya 3: Uliza kama kuna yambwa

Weka kidole mara tu baada ya "run". Je, panafuata nomino moja kwa moja, bila "to", "into", "from" na wenzake? Kama ndiyo, karibu kila mara kuna mtu anayefanya kitu kiende. Hapo Kiswahili kinadai kauli ya kutendesha.

Sababu yake iko kwenye asili ya neno, na hapa ndipo asili inapomfaa mtafsiri. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili. Kimoja, "rinnan", ambacho mara nyingi kilitokea na herufi zake zimegeuzwa kuwa "iernan", kilimaanisha kukimbia na pia kutiririka. Cha pili, "ærnan", kilikuwa kauli ya kutendesha ya kile cha kwanza: kufanya kitu kikimbie, kwa mfano farasi. Watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza nao walikuja na jozi yao ya namna hiyo hiyo, "rinna" na "renna". Karne zilivyopita maumbo hayo yote yalichanganyika hadi likabaki neno moja linalobeba kazi zote. Kijerumani bado kina mawili: "rinnen" ni kutiririka na "rennen" ni kukimbia, na hilo la pili lilianza maisha yake kama kutendesha.

Kwa hiyo Kiingereza kilipoteza alama ambayo sisi tunayo mpaka leo. Enda, endesha. Waka, washa. Kimbia, kimbiza. Pita, pitisha. Kazi yako ni kuirudisha alama hiyo kila unapoona yambwa:

- "She runs a fish shop at Kirumba": anaendesha duka la samaki Kirumba.
- "Run the engine for ten minutes": washa injini, iache iwake dakika kumi.
- "Run the rope through the ring": pitisha kamba kwenye pete.
- "Run the tap": fungulia bomba.
- "The paper ran the story": gazeti lilichapisha habari hiyo.
- "I'll run you home": nitakupeleka nyumbani kwa gari.

Sasa lirudie lile onyo la injini ya boti: "Do not run the engine out of water." Kuna yambwa, na yambwa ni mashine, kwa hiyo ni "usiwashe injini ikiwa nje ya maji". Injini ya nyuma ya boti inapozwa na maji ya ziwa yanayovutwa na pampu yenye mpira ndani yake. Ikiwaka bila maji, mpira huo unasuguana na ganda la pampu ukiwa mkavu na kuungua, hata injini ikiwa kwenye silensa, yaani mwendo wa chini kabisa. "Usikimbize" inamruhusu msomaji afanye kitu kile kile alichokatazwa. Tafsiri mbaya hapa inagharimu injini.

### Mtego wa kukimbia nchi

Kiswahili kinatumia "kukimbia" pamoja na yambwa kwa maana ya kutoroka: alikimbia nchi, amekimbia shule, amemkimbia mke wake. Kiingereza hakifanyi hivyo. "He ran the country" ni "aliongoza nchi", "she ran the school" ni "aliongoza shule". Unapotoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kukimbia kwa maana ya kutoroka kuna njia mbili salama: "fled the country" au "ran away from school". Kile kirai "away from" usikiache nyuma kwa hali yoyote.

### Zinazovunja kanuni

Zipo chache zenye yambwa lakini hazihitaji kutendesha. Hizi zinastahili kukaririwa: "run a race" ni kushiriki mbio; "run ten kilometres" ni kukimbia kilomita kumi; "run a fever" ni kuwa na homa; "run a risk" ni kujiweka hatarini; "run an errand" ni kwenda kufanya shughuli au kutumwa; "run a red light" ni kupita taa nyekundu.

Na kuendesha nako kusikudanganye kurudi nyuma. Gari ni "drive", baiskeli na bodaboda ni "ride", biashara ni "run". Mwingereza akisema "I run a small car" anamaanisha analo gari dogo na anamudu gharama zake; hakuna anayelikimbiza popote. Tumbo la kuendesha, ambalo Afrika Mashariki tunaliita "running stomach", kwenye mtihani liandikwe "diarrhoea".

Umefanikiwa iwapo kila sentensi yenye yambwa ina kitenzi cha kutendesha kwenye tafsiri yako, au kinachobeba maana hiyo kama "fungulia" na "peleka", au unaweza kutaja ni ipi kati ya zile zinazovunja kanuni.

## Hatua ya 4: Tazama kijineno kinachofuata

Baada ya "run" mara nyingi huja neno dogo: "out", "over", "into", "down". Usilitafsiri peke yake. Lipigie mstari mmoja pamoja na "run", kisha utafute yote mawili kwenye kamusi kama neno moja.

Tuanze na "run out of", kwa sababu ndilo linalotumika zaidi na ndilo linalokosewa zaidi. Wengi huandika "we have finished fuel" au "sugar is finished". Kiswahili chenyewe kina umbo linalolingana nalo barabara: kuishiwa. Tumeishiwa mafuta ni "we have run out of fuel". Wameishiwa barafu mwaloni ni "they have run out of ice at the landing site". Ukitaka kitu chenyewe kiwe kiima, ondoa "of": mafuta yameisha, "the fuel has run out". Na kama hakijaisha ila kimepungua, "we are running short of ice", barafu inatupungukia.

"Run into" lina sura mbili, na yambwa ndiyo inayoamua. Ukuta, nguzo, gari lingine: kugonga. Rafiki, mwalimu wa zamani: kukutana naye bila kutarajia. "I ran into my teacher at Buzuruga" si ajali. Matatizo nayo yana "run into": kupata, kukumbana na.

"Run over" likiwa na chombo cha moto ni kugonga na kumpitia mtu au mnyama. Likiwa na karatasi ni kupitia haraka. Likiwa na beseni au ndoo ni kufurika. Likiwa na mkutano ni kupitiliza muda.

"Run down" lina kazi nyingi. Betri "has run down": imeisha chaji. Mtu "runs down" wenzake: anawasema vibaya. Jengo "run-down": limechakaa. Mgonjwa "feels run down": amechoka, hana nguvu.

"Run up" mara nyingi linafuatwa na deni au bili: kulimbikiza. "Run off" likiwa na karatasi ni kutoa nakala, na likiwa na mtu ni kutoroka. Likiandikwa kama nomino, kwenye habari za uchaguzi ni duru ya pili, na kwenye habari za mazingira ni maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi kuelekea mtoni au ziwani pamoja na uchafu wake. Tazama gazeti linazungumzia nini kabla ya kuandika.

"Run for" likifuatwa na cheo ni kugombea: "she is running for Parliament", anagombea ubunge. Hayo ni matumizi yenye asili ya Marekani. Uingereza husema "stand". Vyote ni sahihi, lakini usivichanganye kwenye habari moja.

"Run aground" ni ya majini, na wenye vyombo wana neno lao: meli imepanda mwamba, au imekwama mchangani. Chagua kwa kuangalia chini kuna nini. "Run dry", kwa kisima au bomba, ni kukauka.

Halafu kuna "running" inayokuja baada ya hesabu ya siku. "There was no ferry for three days running" ni "hapakuwa na kivuko siku tatu mfululizo". Wapo wanaotafuta nani alikuwa anakimbia. Hakuna.

## Hatua ya 5: Kagua umbo la kitenzi

Maumbo ni "run", "ran", "run". La tatu linafanana na la kwanza, na hapo ndipo tatizo lilipo.

- "They have ran" ni kosa. Baada ya "have", "has" na "had" ni "run" tu.
- "Runned" haipo.
- "A clinic run by nurses" si kliniki inayokimbia. Hapa "run" ni kauli ya kutendwa: kliniki inayoendeshwa na wauguzi. Dalili yake ni "by" ikifuatwa na mtendaji.
- "Ran" huwa wakati uliopita siku zote. Ukiona "run" bila "s" na kiima ni umoja usio "I" wala "you", tena bila kisaidizi kama "can" au "did", kwa mfano "the boat run by my uncle", jua umekutana na lile umbo la tatu.

Ukitafsiri kwenda Kiswahili, lile la kutendwa lipe "-wa" yake: linaendeshwa, iliwashwa, ilichapishwa.

## Hatua ya 6: Andika tafsiri, kisha isome kwa sauti

Andika tafsiri kwa bluu chini ya sentensi. Hakikisha upatanisho wa ngeli, maana mtu aliyehangaika na kitenzi husahau kiambishi: kivuko kinafanya, mto unaingia, maji yanatoka, barabara inapita.

Kisha isome kwa sauti, kama unamwambia mtu aliye stendi ya Nyegezi anayeharakia basi. Kama ungelazimika kumfafanulia mara ya pili, tafsiri bado haijakaa. "Mkataba unakimbia kwa miaka miwili" inasomeka kwenye karatasi, lakini mdomo unaikataa mara moja.

Onyo kwa wanaotumia programu za kutafsiri za simu: zitumie kupata rasimu, lakini "run" iliyo mwishoni mwa sentensi fupi au kwenye kichwa cha tangazo ikague mwenyewe kwa hatua ya 2 hadi ya 5. Pasipo maneno ya kutosha pembeni, programu nayo inakisia.

## Hatua ya 7: Irudishe ilikotoka

Mpe mtu wa pili tafsiri zako za Kiswahili bila zile za Kiingereza, naye azirudishe kwenye Kiingereza kwa maneno yake. Hatalazimika kutumia "run". Akiandika "the ferry operates every hour" badala ya "runs", hilo ni jema: maana imefika salama. Akiandika "the ferry is fast", kivuko chako bado kinakimbia. Rudi hatua ya 2.

Kati ya sentensi 20, zikirudi 18 na maana yake, kazi ni nzuri. Zikirudi chini ya 15, tazama zilizoanguka zina nini cha kufanana. Mara nyingi utakuta zote zina yambwa, au zote zina kijineno, na hiyo ndiyo hatua unayotakiwa kuirudia peke yake.

## Sentensi tano za kujipima

Funika majibu kwanza.

1. "The generator ran all night." 
2. "Who ran the generator last night?" 
3. "He had run up a debt before he ran off." 
4. "Run cool water over the burn for 20 minutes." 
5. "The shop, run by two sisters, has been running at a loss."

Majibu:

1. Jenereta iliwaka usiku kucha. Kiima ni mashine, hakuna yambwa.
2. Nani aliwasha jenereta jana usiku? Yambwa imeingia, kutendesha kumeingia.
3. Alikuwa amelimbikiza deni kabla hajatoroka. "Run" baada ya "had", kisha "ran". Vijineno viwili tofauti.
4. Mwagia sehemu iliyoungua maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ukiandika "weka maji ya baridi" umepoteza mtiririko, na mtu atalowesha kitambaa kimoja na kukiacha.
5. Duka hilo, linaloendeshwa na dada wawili, limekuwa likijiendesha kwa hasara. La kwanza ni kutendwa. La pili halina yambwa, ila biashara haina miguu wala haiwaki, kwa hiyo Kiswahili kinalipa "ji": linajiendesha.